Hasi Mbele ya Mabano

Jumapili jioni

Na leo tena kaniita "mwanafunzi". Mtoto niliyemzaa mwenyewe! Paskalina yuko kidato cha tatu tu, lakini tangu akubali kunifundisha aljebra amejaa madaha kama mkaguzi wa shule. Tulikaa jikoni, mimi nachambua maharage, yeye kashika mwiko kama fimbo.

"Mama, acha kuangalia sufuria. Angalia mlinganyo."

Ukweli ni kwamba naogopa. Kazi ya stoo pale loji inataka cheti chenye hesabu, na hesabu ndiyo iliyoniangusha enzi zile. Nikifeli mara ya pili, Karatu nzima...

Swali lilikuwa hili: 5x − 2(x − 3) = 18. Mimi nikapata nne. Paskalina akacheka, akaandika nane, akaizungushia duara kubwa.

Zamani ningefuta langu haraka. Leo nikaiweka nane yake mahali pa x, nikakokotoa polepole. Ikaja thelathini. Nikaweka nne yangu. Ikaja kumi na nane kamili! Nikarudia, maana sikujiamini.

"Mwalimu," nikamwambia kwa heshima zote, "hasi mbili mara hasi tatu, si tunapata chanya sita?"

Akalikodolea macho daftari, midomo imemvimba. Kisha akanisogezea kalamu.

"Haya, linalofuata anza wewe," akasema kwa sauti ndogo. "Mimi nitaangalia."

Sikumcheka. Nilisubiri kwanza atoke kuchota maji.