Mavi ya Ng'ombe Hayasemi Uongo

Mdogo wangu Veronika, amani ya Bwana ikae nawe na watoto.

Nilivuka ziwa pale Busisi kwenda kusali kaburini kwa Mama, nikapotea porini. Nikakumbuka msemo wa Baba: "Mavi ya ng'ombe hayasemi uongo." Nikayafuata nikicheka peke yangu, na kweli yakanifikisha nyumbani kwetu. Kumbe pamezungushwa waya!

Mlinzi akasema, "Rudi, mama. Pameuzwa kwa mwekezaji, hata ng'ombe ni wake."

Nikamwambia kwamba Mama amelala humo ndani.

"Basi msalimie kutokea huko huko."

Nikapiga magoti nje ya waya. Mdogo wangu, kwenye Baba Yetu nilikwama pale pa kuwasamehe waliotukosea. Nimalizie wewe, mwenye moyo laini.

Akupendaye,
dada yako Paskazia