Busia ya Upande Gani

Bwire, jirani yangu,

Mwanamke wetu amepatikana. Yule wa hospitali. Nimeona nikwambie hilo kwanza, kabla ya salamu, kwa sababu najua hata huko uliko bado unamtafuta.

Niko Petta, upande wetu wa Uganda, nyumbani kwa kaka yangu. Tangu nistaafu watu wa hapa wananiita Balozi, ingawa serikali haikuwahi kunifanya balozi. Wanadhani kazi yetu ya ugenini ilikuwa suti na karamu. Karamu zilikuwapo, tena tulisimama sana na glasi za juisi tukicheka vichekesho tusivyovielewa. Lakini kazi yenyewe ilikuwa hospitali, mahabusu, vyumba vya maiti. Ilikuwa kumpigia mzazi simu na kumwambia jambo ambalo hatalimaliza maisha yake yote. Baada ya simu za namna hiyo nilikuwa nakupigia wewe, ofisa wa ubalozi wa nchi nyingine, mtaa wa pili. Ulikuwa unapokea kwa kusema, "Habari za ng'ambo?" kana kwamba katikati yetu kuna geti la mpaka tu na wamama wanaouza ndizi, wewe Busia ya Kenya, mimi Busia ya Uganda, mji mmoja uliokatwa na mpaka, na si jangwa lile la ugenini pande zote.

Siku ile hospitali ilitupigia sote wawili. Mwanamke alikuwa ameanguka kutoka ghorofa ya nyumba alimofanya kazi za ndani. Alikuwa amesafiri kwa karatasi za mtu mwingine. Walipomuuliza kwao ni wapi, alisema Busia, basi.

Ulimwinamia ukamuuliza, "Dada, Busia ya upande gani?"

Alikutazama kama mtu aliyeulizwa mkono wake ni wa nchi gani. Ukaacha Kiswahili, ukamsemesha Kisamia, lugha ya pande zote mbili za mpaka, na uso wake ukalegea. Mimi Mjopadhola sikuelewa kitu. Nilikaa nimemshika mguu juu ya shuka, maana mikono yote ilikuwa na mipira ya dawa. Kisha akaacha kukutazama wewe. Akatazama nyuma yako, akasema maneno machache, akayarudia, akayarudia tena kwa sauti ya kubembeleza.

Wewe uligeuka. Ukanyanyuka, ukaenda kuufungua mlango ambao nesi alikuwa ameufunga, ukauacha wazi kabisa. Uliporudi hukukaa kwenye kiti chako. Nilikuuliza amesema nini.

"Anasalimia tu," ulisema.

Alifariki kabla ya adhana ya alasiri. Hatukuwa na jina la kuthibitisha, si kwako si kwangu, na tukamzika kwenye makaburi ya wageni, sisi wawili na wachimbaji. Tangu hapo, kila nilipokuja ofisini kwako, mlango ulikuwa wazi na kiti kimoja hakikaliwi. Nilidhani ni joto. Kila likizo ulizunguka na picha yake masoko ya pande zote mbili, Busia, Malaba, mpaka Nagongera kwetu. Uso ule ulikuwa umevimba. Nani angemtambua?

Kisha moyo wako ukasimama, Bwire, shambani kwako, asubihi, jembe mkononi.

Kwenye mazishi yako waliniita niseme kama mfanyakazi mwenzako. Nilikuwa nimeandaa maneno ya heshima. Nilipoliona jeneza, yote yakanitoka. Nikajikuta nasimulia habari zake yeye. Jinsi ulivyomtafuta. Kovu la moto chini ya kiwiko, kidole kidogo kilichopinda. Niliona mke wako anainamisha kichwa, nikadhani nimeharibu.

Watu walipokuwa wanakula, mwanamume mmoja akanijia na sahani yake mkononi.

"Balozi, huyo dada unasema, mimi najua mama yake. Iko pale Masaba. Hicho kidole, ni mimi nilifunga mlango wa gari juu yake, tulikuwa watoto."

Ulimtafuta ukiwa hai ukamkosa. Akapatikana kwenye matanga yako.

Anaitwa Nekesa. Mama yake ni mzee mwembamba, macho makavu. Hakulia. Nilipofika kwake alinikalisha, akanipa uji, akasubiri ninywe. Kisha:

"Wewe ndiye ulikuwa na yeye?"

"Ndiyo, mama. Mimi na mwenzangu Bwire."

"Alisema nini, mtoto wangu?"

Nilitamani ungekuwapo. Uliondoka na maneno yake, ukaniachia sauti tupu. Basi nikamwimbia zile sauti jinsi zilivyokaa masikioni mwangu miaka yote hii, bila kujua ninachosema. Mama akaweka bakuli lake la uji chini. Akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Anamwita Ajambo," alisema. "Anamwambia, usisimame mlangoni, ingia ukae."

Ajambo ni dada yake, Bwire. Walilala mkeka mmoja. Alikufa kwa homa wakiwa bado wadogo.

Nilikuona tena ukigeuka, ukinyanyuka, ukiacha kiti chako. Mama alikuwa ananitazama.

"Na huyo mwenzako," aliuliza, "alimwona Ajambo?"

Kuku walikuwa wanaparua ukutani na hakuna aliyewafukuza. Nikamwambia ndiyo, alimwona.

Sijui kama nilisema uongo. Nalala na swali hilo, naamka nalo. Ungeniambia, jirani. Tulikula pamoja, tulizika pamoja. Ulinikinga na nini?

Jumamosi wanazika mgomba badala ya mwili wake, kama desturi yenu inavyotaka kwa aliyebaki ugenini. Mama ameniomba nisimame upande wa familia, mahali ambapo Ajambo angesimama. Nilikubali kabla sijafikiri, na sasa naogopa, lakini nitasimama. Na mama huyo, maadamu niko hai, hatavuna mahindi yake peke yake. Hiyo ni ahadi, nakupa wewe kwa kuwa wewe ndiye ungeitimiza.

Kwaheri, Bwire. Acha kutembea masokoni sasa. Pumzika.

Wako wa ng'ambo,
Awor