Niliomba Msimbo Kama Ninavyoomba Munkoyo

Jumamosi, Musonoi. Mvua ilianza kabla sijafungua mlango na hadi sasa haina mpango wa kuondoka. Udongo mwekundu umeingia mpaka chini ya kitanda. Pikipiki ya mume wangu tumeiingiza ndani, imeegemea ukuta kama mgeni asiyejua akae wapi. Barabara ikiwa hivi hakuna abiria, basi leo baba wa mtoto yuko nyumbani, anakula karanga.

Mi ninaandika kwenye telefone ileile niliyoililia wiki hizi zote.

Kwa wewe unayenisoma mara ya kwanza: mama yangu anaishi Kongolo, mbali sana na hapa. Tangu nimzae Dorcas, hajamshika hata mkono. Wanajuana kwa telefone tu. Kila jioni mdogo wangu anamshikia mama telefone, mama anaimba, na Dorcas anagusa kioo pale pua ya kambo yake, yaani bibi yake, ilipo. Kwa Dorcas, Kambo ni mtu anayekaa ndani ya telefone. Anafikiri wote wanaishi humo, makambo.

Kisha ile programu ya kuonana kwa video ikaandika kwamba telefone yangu ni ya zamani, haitaihudumia tena. Nilisoma na kurudia, nikidhani Kifaransa changu ndicho kimenidanganya. Hakikunidanganya. Jioni moja programu ikakataa kufunguka, na Dorcas akaniletea telefone mwenyewe, ameishika kwa mikono miwili kama sahani ya mchuzi.

"Kambo," akasema.

Niliizima, nikaiwasha tena. Bado ilikataa.

Kupiga simu ya kawaida tulijaribu. Lakini mtoto wa umri wake asipoona uso, anakurudishia telefone na kwenda kucheza. Mama naye alikuwa anaita, "Dorcas, Dorcas," mpaka sauti ikakatika. Niliogopa kitu kimoja tu, na nakisema hapa kwa sababu nyumbani nilishindwa kukisema: niliogopa mtoto atamsahau.

Nikaenda kwa Tata Idrisa. Yeye ana meza ya kutengeneza telefone kando ya barabara, chini ya bache, turubai la bluu. Watu wa kwao ni wa Maniema, wajomba zake wote ni wa malori na biashara, yeye peke yake ndiye aliyependa bisibisi. Aliigeuza telefone yangu huku na huku, akaniambia, "Mama Dorcas, hii telefone iko muzima. Kampuni njo ilichoka nayo."

Yaani waliacha kuiletea mfumo mpya. Wana telefone nyingine za kuuza. Lakini Tata Idrisa akasema kuna watu huko duniani wanaopika mifumo wenyewe na kuigawa bure, na mmoja wao, anayeandikiana naye, ana telefone kama yangu. Anataka kuipikia mfumo mpya. Amekosa kitu kimoja: msimbo wa kiini. Ni yale maandishi ya wahandisi yanayoifundisha telefone jinsi ya kushika mtandao, kamera, betri, kila kitu. Kampuni imeyafungia.

Nikamuuliza kama hiyo si siri yao.

Hapo akafungua mipangilio, akashuka mpaka chini kabisa, mahali ambapo mi sijawahi kufika, penye habari za sheria. Maandishi marefu, ya Kiingereza. Akanieleza polepole. Kile kiini kampuni haikukitunga. Kiliandikwa na watu wengi, wakakiweka wazi pamoja na leseni. Leseni inasema: chukua, badilisha, uza telefone zako, tajirika ukitaka. Lakini mtu uliyemuuzia akikuomba msimbo wa kiini hicho, pamoja na ulivyokibadilisha, umpe. Ni deni lako kwake.

Nikacheka. Nilikuwa nimeelewa kuliko alivyotarajia.

Kwa sababu mi ninauza munkoyo, kinywaji cha mahindi tunachokichachusha kwa mizizi. Munkoyo mpya unauanzisha na kidogo ya jana, na ile kidogo ya kwanza kabisa sikuitengeneza, alinipa Mama Kalenga wa nyumba ya tatu, naye alipewa kule Kasulo na shangazi yake. Hapa kwetu ukishapewa, uza utakavyo, ongeza sukari, tia ujuzi wako. Lakini mwanamke akija na kikombe kuomba kidogo ya kuanzishia, humnyimi, na akikuuliza mizizi umeilowesha vipi, unamwambia. Kulikuwa na mmoja aliyenyima. Wanawake hawakugombana naye. Waliacha tu kumpitia asubuhi.

Tata Idrisa alikuwa ameshaiandikia kampuni, zaidi ya mara moja. Mistari miwili: aina ya telefone, na ombi la msimbo. Kila mara lilirudi jibu lilelile, kwamba apeleke kifaa kwa muuzaji wa karibu. Nikamwambia aniache niandike mi. Niliandika barua kwa Kiswahili, yeye akaipitisha kwenye mashine ya kutafsiri.

Sasa, mtu haombi kidogo ya munkoyo kwa kusimama mlangoni na kusema nipe. Unaanza na salamu. Niliwasalimia wa kampuni. Nikawauliza kama wameamka vizuri, kama mama zao wana afya, kama mvua imefika kwao. Nikawaambia habari za Dorcas na pua ya kambo yake. Nikawashukuru kwa telefone, maana ilinitumikia vizuri, hata ilipoanguka ndani ya ndoo. Mwisho kabisa nikaomba msimbo, kama leseni inavyosema.

Tata Idrisa alisoma akifuta macho kwa kucheka. "Unaandikia kampuni ao unaandikia shemeji?"

"Tuma tu, Tata."

Akatuma. Kesho yake ndipo alipogundua. "Mama Dorcas, umesalimia mpaka mvua. Telefone yenyewe ni ya aina gani, haukuandika."

Nilitamani ardhi ya Musonoi inifunike, na hapa kwetu mashimo ya wachimbaji hayakosekani.

Lakini jibu lilikuja. Fupi, na safari hii halikuwa la mashine. Mtu aliuliza: ni telefone ya aina gani, mama? Tata Idrisa anasema barua zake zilikuwa na jina la aina, mashine ikazisoma na kujibu yenyewe. Yangu haikuwa nalo, mashine ikakosa pa kuipeleka, ikamwangukia muntu. Sijui kama ni kweli. Najua tulijibu haraka, na baada ya siku kadhaa mtu huyo, ambaye hakuandika jina lake, alituma msimbo. Akaandika kwamba ilipaswa uwe umetolewa tangu zamani. Chini akaongeza: mama yangu hajambo, asante kwa kuuliza.

Yule wa kuandikiana na Tata Idrisa akapika mfumo. Leo asubuhi nilivuka matope na Dorcas mgongoni, na Tata Idrisa akaniambia ukweli kabla ya kugusa kitu: inaweza kupona, inaweza kufa kabisa isiwake tena. Akaniuliza mara mbili. Nikasema weka. Kisha nikaenda kusimama upande wa pili wa barabara, kwa sababu sikuweza kutazama.

Aliniita kwa kupiga mluzi.

Ilikuwa imewaka. Programu ya video imefunguka. Kasoro moja: kamera ya mbele haioni, kipande chake hakikuwemo kwenye ule msimbo. Kamera ya nyuma inaona. Nikarudi nyumbani nikiwaza: nikiigeuza telefone, mama atamwona Dorcas, lakini Dorcas hatamwona mama.

Mume wangu ndiye aliyeacha karanga zake. Akamkalisha Dorcas kwenye kiti cha pikipiki, hapohapo ndani, akamshikia telefone chini kidogo ya kidevu, na kamera ya nyuma akaielekeza kwenye kioo cha pikipiki, kile cha mviringo cha kutazamia nyuma. Dorcas anaona telefone. Telefone inaona kioo. Kioo kinamwona Dorcas.

Mama akatokea. Akasogeza uso huku na huku.

"Minakuona," akasema. "Lakini munakaa wapi, ndani ya sahani?"

Kisha akaimba. Mvua ilikuwa inapiga bati, sikusikia maneno yote. Dorcas alinyoosha kidole, akatafuta, akakiweka juu ya pua ya Kambo.

Hakuwa amesahau.

Asubuhi nitampelekea Tata Idrisa chupa ya munkoyo. Kuna mwanamke alifika mezani kwake nikiwa pale, ana telefone kama yangu, naye amewekewa ule mfumo bure, ndivyo inavyotakiwa. Halafu nitaketi kumwandikia yule mtu wa kampuni barua nyingine, kuomba kile kipande cha kamera ya mbele. Aina ya telefone nitaitaja, nimejifunza. Lakini nitaanza kwa kuuliza kama mama yake ameamka salama.