Kilo Mbili za Sukari

Kambi ya mkonge, Kilosa
3 Machi 1974

Mama, shikamoo. Mimi mzima, ila mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba mkonge hauna huruma. Huko Shume baridi imewaachia? Mguu wako je?

Tobia mwenzangu wa kambini anakuja huko likizo, nimempa kilo mbili za sukari. Nimezipangia foleni siku mbili. Ni za uji wa Secilia. Mimba ya mwezi wa sita hiyo, mlisheni mke wangu. Yule wa kwanza alizaliwa kilo tano, watu wakashangilia, kumbe alikwama mabega, hakulia hata mara moja. Safari hii nataka mtoto anayelia.

Mwanao,
Fanueli

Shume
24 Machi 1974

Mwanangu, marahaba. Mguu umevimba, mdomo mzima. Naandika mwenyewe, elimu ya watu wazima imenisaidia, maana mwandishi wangu Secilia ndiye ninayemshtaki.

Sukari imefika. Hataki hata kuionja. Nesi wa Lushoto kampima mkojo, kamwambia ana kisukari cha mimba. Nimecheka! Kijiji kizima hakijaona sukari tangu Krismasi, yeye kaipata wapi? Nikamkorogea uji, akanirudishia bakuli limejaa. Anakula maharage na kabeji, ugali kidogo kama wa kuku, kisha anapanda mlima na kushuka kama anafukuzwa. Sasa anataka mwezi wa mwisho akae kwa shangazi yake Lushoto, ajifungulie hospitali. Mwenyekiti Rubeni anauliza zamu yake kwenye shamba la kijiji atalima nani. Mimi nilizaa sita jikoni humu humu. Mwonye mkeo.

Mama yako

Kilosa
15 Aprili 1974

Mama, shikamoo. Pole na mguu.

Simwonyi. Nimemuuliza mganga wa zahanati ya kambi. Anasema ugonjwa huu hauji kwa kulamba sukari. Mimba yenyewe huufanya mwili ushindwe kuitumia, hata ile inayotoka kwenye ugali. Ikizidi kwa mama inamwendea mtoto, ananenepa mpaka hapiti. Na akishazaliwa, sukari inaweza kumshuka ghafla, akafa angali mnene. Mama, yule wa kwanza tulisifu ukubwa wake. Tulikuwa tunasifu ugonjwa. Mimi ndiye niliyembeba kwenda kumzika, najua uzito wake.

Nimeishia darasa la tatu, na sukari ile niliituma kwa ujinga wangu. Lakini atakayemzuia Secilia, mwambie Fanueli kasema anakwenda. Zamu yake nitalima mimi likizoni, nitalima mara mbili. Na kwa heshima zote mama, usimkorogee tena.

Mwanao,
Fanueli

Kilosa
10 Juni 1974

Mama, shikamoo. Wiki nane hakuna barua. Siku zake zimetimia. Nikimwona karani anakuja na bahasha, panga linanitoka mkononi. Niandikie, hata kama ni baya.

Mwanao

Shume
21 Juni 1974

Mwanangu, marahaba. Sikutaka kuandika kabla sijajua nitaandika nini.

Yale ya yule wa kwanza niliyasoma mara mbili, kisha Secilia nikampeleka Lushoto mwenyewe. Rubeni alisimama njiani akasema, "Siku hizi wanawake wavivu, kuzaa mpaka hospitali." Nikamwambia, "Rubeni, wewe ulizaa lini?" Tukapanda basi, nikabaki naye kwa shangazi yake mpaka siku ilipofika.

Msichana, kilo nne na robo. Bega lilikwama, manesi wawili wakalitoa. Akalia. Halafu akaanza kutetemeka. Nesi akasema sukari inamshuka, anyonye sasa hivi. Nikasema maziwa ya kwanza machafu, sisi huyamwaga. Secilia akasema, "Mama, shikamoo, lakini toka nje." Nikatoka! Niliporudi ananyonya, na nesi anamwongezea maji ya sukari kwa kijiko. Sukari, Fanueli! Nilicheka mpaka machozi.

Mkojo wa Secilia sasa safi. Ila akishika mimba tena, ameambiwa aende kupimwa mapema, na nitampeleka mimi.

Zile kilo mbili zimepungua vijiko vya uji ule mmoja tu. Njoo unywe chai yako, kisha ulime ulichoahidi.

Jana Rubeni kaja kumtazama mjukuu wangu. "Lo, mtoto mkubwa!" Nikamwambia, "Nyumba hii hatusifu ukubwa. Kaa hapo, umsikilize anavyolia."

Mama yako