Ugali ama Wali na Samaki

Jumatatu, 1 Desemba 1975
Nimesonga ugali wa kwanza wa hoteli yangu kabla ya jua kutoka. Malori yamejaa Malaba yote. Mjukuu wangu Nabwire hajala tena. Anasomea kompyuta Nairobi, ile mashine kubwa kama nyumba. Alianguka mtihani. Akianguka ule wa kurudia, wanamfukuza. Naogopa. Nimemwambia akonde baadaye, sasa ale.

Jumanne, 2 Desemba
Nimemlazimisha anifundishe. Mimi herufi nimezijua juzi tu, kwa ngumbaru, darasa la watu wazima, siogopi kuuliza upuzi. Anasema agizo ndani ya mashine hupokea habari, halafu hujibu kweli ama si kweli. "Na" ni mchoyo, anataka pande zote mbili ziwe kweli. "Ama" ni mpole, upande mmoja unamtosha. "Si" hupindua kila kitu. Kama marehemu mume wangu. Tumecheka mpaka chai ikamwagika.

Alhamisi, 4 Desemba
Leo! Nilienda kutafuta mkaa, nikamwachia hoteli. Nikamwambia wazi: kila dereva mpe ugali ama wali na samaki. Kurudi, kelele. Waliotaka wali wana samaki. Waliotaka ugali wana ugali mtupu! Dereva mmoja wa Mombasa ameinua sahani. "Mama, hii ni hoteli ama ni jela?"

Nabwire hakuona aibu. Aliruka, akaniita bibi kwa lugha ya kwetu. "Kukhu, 'na' imeshika wali peke yake! Ugali umebaki nje!"

Kumbe mashine hufanya "na" kwanza, ndipo "ama". Hapo ndipo alipoangukia mtihani. Akachukua mkaa, akachora mabano ukutani: ugali ama wali ndani, pamoja, halafu na samaki. Ukuta nilioupaka majuzi! Nikampiga kofi la mgongo, nikamkumbatia. Madereva wakapata samaki, wakapiga makofi. Hawajui wanapigia nini.

Jumapili, 7 Desemba
Ameondoka kwenda kurudia mtihani. Nimemfungia kuku mzima. Mahubiri sikuyasikia, nilikuwa namsumbua Mungu.

Jumatano, 17 Desemba
Sina habari ya mtihani. Nimegombana na kila mtu. Chumvi nimezidisha.

Alhamisi, 18 Desemba
Yule dereva wa Mombasa ametoka Nairobi leo. Nabwire alimtuma na habari. Amepita mtihani! Nimepiga vigelegele, taniboi wake, msaidizi wa lori, akadhani kuna nyoka.

Mchana wateja waliisha. Nikakaa kwa benchi, nikasema jina lote la Nabwire polepole, la kanisani na la nyumbani. Hakuna aliyesikia. Nikainuka, nikaosha sufuria.