Mtoto wa Pekee

Bergenfield, New Jersey
Jumapili mchana, mwezi wa pili

Kwako Chechi yangu Bincy,

Hujambo dada yangu? Hali yako, na hali ya hiyo mikono? Kwenye kadi ya Krismasi uliniandikia kwamba inapasuka kwa unga na baridi. Paka mafuta ya nazi unapolala, kisha vaa soksi mikononi. Amma hufanya hivyohivyo akirudi kutoka zamu hospitalini, na nakumbuka ulivyokuwa ukimcheka. Sisi huku hatujambo. Wazazi ndio hivyo: Amma mgongo tu ndio unamsumbua. Appa presha imepanda, daktari kamkataza achari, naye anaila kisirisiri jikoni akidhani harufu haisikiki. Mimi mzima wa mwili. Nakuandikia nikiwa chumbani kwako, na habari yangu inaanzia humuhumu.

Chechi, chumba chako si chumba tena. Kitanda walikishusha chini stoo tangu vuli. Sasa imewekwa meza ya kukunja tuliyoazima kanisani, viti vitatu upande mmoja, kiti kimoja upande wa pili. Mapazia yako ya manjano yamebaki palepale, kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuyagusa. Kila Jumamosi mimi nakaa kwenye kile kiti kimoja.

Nimeitwa usaili. Ni mpango kama ule ulioingia wewe, wa kutoka sekondari na kupewa chuo na udaktari kwa mpigo mmoja, miaka saba, bila kuomba tena katikati. Chuo ni kingine, usishtuke. Habari ilipokuja Appa aliisoma amesimama, akaisoma tena, halafu akaenda kufunga mlango wa mbele, utadhani majirani wameshaanza kusikiliza. Akasema ole wake atakayefungua mdomo kabla mambo hayajaiva.

Unawajua watu wetu. Kanisani hakuna anayekiri kaitwa wapi. Feba, yule niliyekuwa nakula naye chakula cha mchana tangu tuko wadogo, ameacha kuja mazoezi ya kwaya Jumamosi, na mama yake anasema mtoto ana mafua. Mafua gani hayo yanayokuja Jumamosi tu? Mimi namuuliza anaendeleaje na mafua, yeye ananiuliza naendeleaje na mgongo wa Amma, tunaishia hapo. Tunakaa benchi moja na hatuna la kuambiana. Shuleni pia nimebaki hivyohivyo, maana kila nikialikwa mahali nasema nina shughuli, na watu wakisikia shughuli mara nyingi huacha kualika. Nina upweke, Chechi. Naliandika neno hilo kwako kwa sababu hapa sina pa kulisema.

Sasa nikuchekeshe kidogo kuhusu jopo langu la mazoezi. Katikati anakaa Anko Saji, daktari wa moyo, ndiye daktari wa kweli peke yake pale, na ndiye anayesinzia. Kushoto Appa, amefunga tai ndani ya nyumba yake mwenyewe, ameshika kile kisaa cha jikoni cha Amma cha kupimia muda wa kuchemsha mayai. Kikilia, hata kama niko katikati ya neno, ninyamaze. Kulia Anti Lizy. Tangu mapacha wake wapate nafasi wote wawili, Anti Lizy amekuwa profesa wa usaili. Ananiambia mikono yangu inarukaruka kama ya muuza samaki. Ananiambia nitabasamu kwanza, ndipo nijibu, na nikitabasamu meno ya chini yasionekane. Niliposema nataka udaktari ili nisaidie watu, alipiga meza: hata fundi bomba anasaidia watu, mwanangu, tena anakuja haraka kuliko daktari! Anko Saji akazinduka akasema hilo ni kweli kabisa, fundi wake alimfikia Jumapili.

Lakini siku moja swali lilikuwa la familia. Anko Saji aliniuliza tu hivihivi, ndugu zangu wangapi. Nikafungua mdomo, na Anti Lizy akanikatiza kabla sijatoa sauti. Akasema hapo pana shimo. Akasema hawa watu wanatoa nafasi ya miaka saba kwa mtoto wa miaka kumi na saba, na wanachoogopa kuliko vyote ni mtoto atakayekimbia katikati. Wakisikia mmoja kakimbia, watasema watu wa nyumba hii ndizo zao. Basi mtoto aseme yuko peke yake. Ni swali la salamu, nani atakwenda kuchunguza?

Nilimtazama Appa. Alikuwa anakizungushazungusha kile kisaa. Nilidhani atasema hapana, Chechi, haki ya Mungu nilidhani. Akasema, taratibu, kwamba Lizy ana uzoefu, na kwamba nijaribu kulisema. Nikalisema. Mimi ni mtoto wa pekee. Anti akasema nimesita, nirudie. Nikarudia. Tulilirudia kila Jumamosi mpaka likawa linatoka lenyewe, na tabasamu lake mbele.

Wewe unajua jina lako halitajwi humu ndani tangu ile Krismasi uliyorudisha kitambulisho cha chuo mezani na kuondoka na begi moja. Lakini kutotajwa nilikuwa nimezoea. Kukufuta wewe kwa mdomo wangu mwenyewe ni kitu kingine.

Wiki iliyopita Amma alirudi kutoka kazini mapema, akanikuta huku najisomea. Bado alikuwa na sare yake na viatu vya kazini, ambavyo huwa havipandi ngazi. Akaketi kwenye kiti cha Anko Saji, akasema na yeye anataka kunisaili. Nikacheka, nikakaa vizuri. Nilijua atauliza mambo ya wagonjwa. Akaniuliza kama nina ndugu.

Nikatabasamu kwanza. Kisha nikamjibu nilivyofundishwa, mama yangu mzazi, uso kwa uso. Akatikisa kichwa, akasema nimejibu vizuri, sikusita hata kidogo. Akainuka, akashuka jikoni kumenya mihogo. Bomba la maji lilikaa wazi muda mrefu sana. Tulipoketi kula mihogo na mchuzi wa samaki, yeye alisema ameshiba.

Usaili wenyewe ulikuwa juzi, Ijumaa. Appa aliomba ruhusa kazini akanipeleka. Walikuwa wawili: mwalimu wa biolojia, mzee mpole asiyesema sana, na mama mmoja wa makamo, Daktari Feldman, amevaa buti za theluji bado zinatiririka maji. Hawakuwa na meza ndefu. Tulikaa kwenye makochi, na nikajikuta sijui magoti niyaweke wapi. Daktari Feldman alianza kwa kunipa pole ya barabara na kuniuliza nimeletwa na nani, na nyumbani tuko wangapi.

Chechi, nilitabasamu kwanza. Nikasema mimi ni mtoto wa pekee. Lilitoka safi, Anti Lizy angepiga makofi.

Yule mama akasema, ah, kumbe tuko sawa, na yeye alizaliwa peke yake. Akaniuliza kama upweke ulinisumbua nilipokuwa mdogo.

Hilo hatukulifanyia mazoezi. Nilitafuta jibu nikakukuta wewe. Nilikuona unanisuka nywele huku umeng'ata kitana. Nilikuona unanisogezea nafasi kitandani chini ya mapazia ya manjano radi inapopiga, unaniambia niache kukupiga mateke la sivyo utanirudisha kwangu, na hukunirudisha hata siku moja. Upweke utotoni? Mimi sikuujua upweke mpaka ulipoondoka. Machozi yakaanza kunitoka, na sikuwa hata na kitambaa.

Nikawaambia naomba msamaha, nimesema uongo. Nina dada. Anaitwa Bincy, ana miaka ishirini na minne, anaoka mikate Duluth, Minnesota. Alikuwa kwenye mpango kama huu, akauacha mwaka wa tatu, na nilifundishwa nisimtaje. Sikusema aliyenifundisha. Yule mzee akaweka kalamu chini. Daktari Feldman akanisogezea karatasi za kufutia pua, akaniuliza kwa nini dada yangu aliacha. Nikajibu kwamba hiyo ni habari yako na si yangu kuitoa, ila nilichokiona mimi ni mtu aliyeacha kula na kulala, na siku aliyoondoka alicheka, nami nilikuwa nimesahau kicheko chake kilivyo.

Ndipo akaniuliza, basi mimi niliyeyaona yote hayo kwa macho yangu, kwa nini naitaka njia ileile.

Chechi, hapa nakuomba uweke unga chini ukae. Nililomjibu lilikuwa kweli, na wewe sijawahi kukuambia.

Nilimwambia kuhusu mzee Wojcik. Kule kituo cha wagonjwa wa figo ninakokwenda kugawa mablanketi baada ya shule, yeye hukaa kiti cha dirishani, mkono mmoja umefungwa kwenye mashine, wa pili umepooza kwa kiharusi. Siku ya kwanza aliniita akaniomba nimkune pua. Nikaona aibu, nikamwambia nikamwite muuguzi. Akaniambia mpaka niwe daktari yeye atakuwa keshazikwa, kwa hiyo nimkune sasa hivi. Nikamkuna. Tangu hapo kila nikifika ananielekeza, kushoto, juu, hapohapo, daktari wangu. Wengine wanaojitolea pale hutazama saa. Mimi muda ukiisha huwa sitaki kuondoka. Nataka kujua ile mashine inafanya nini, kwa nini leo amevimba miguu na juzi hakuvimba, kwa nini daktari wake kamwongezea dawa. Nikamwambia Daktari Feldman kwamba sijui kama nitaweza. Najua tu kwamba pale sichoki.

Naitaka kazi hii, Chechi. Naitaka mimi mwenyewe, hakuna aliyenisukuma.

Uliniandikia nikitimiza miaka kumi na minane nije, kwamba juu ya duka kuna chumba, na kitanda umeshakinunua. Uliniandikia nisiwaache wanifanye walichokufanya wewe. Nilisoma maneno yale nikakaa kimya, nikakuacha uamini kwamba nalazimishwa. Ile hasira uliyokuwa nayo kwa ajili yangu ndiyo ilikuwa kampani yangu. Niliogopa kwamba siku nitakapokuambia naipenda kazi iliyokuumiza, hata wewe nitakuwa nimekupoteza, na hapo ndipo nitakuwa mtoto wa pekee kwelikweli. Basi nimeshasema. Ukikasirika, kasirika, lakini usiache kuniandikia.

Majibu bado. Wanasema tusubiri mpaka theluji iishe. Huenda nimeshaharibu, sijui. Daktari Feldman alinishika mkono kwa mikono yake miwili tulipoagana, lakini pengine huwashika hivyo wote.

Appa alikuwa amenisubiri ndani ya gari muda wote ule, na tai yake, na pakiti ya krispi za fenesi hajaifungua. Akauliza kumekuwaje. Nilishachoka kusema uongo siku hiyo, nikamwambia yote. Alipiga usukani kwa kiganja, akasema nimejimaliza mwenyewe, miezi yote hii, nimejimaliza! Halafu akaendesha mpaka akapita njia yetu ya kutokea barabara kuu bila kuiona. Tukaingia kituo cha mafuta. Kijana wa pampu akaja dirishani kuuliza aweke kiasi gani, Appa amekazia macho usukani. Kijana akagonga kioo. Appa akashusha, akasema jaza, akabaki anatazama mbele, dirisha wazi, baridi yote inaingia.

Akaniuliza kama niliwaambia kweli kwamba unaoka mikate. Nikasema ndiyo. Akaniuliza mikate gani.

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele, Chechi. Nikasema sijui, hukuniandikia. Kijana alikuwa ameshamaliza kujaza, anasubiri alipwe, ndipo Appa akauliza tena, kwa Kimalayalam, lugha yetu ya nyumbani, sauti ndogo hata sikuitambua, kama baridi ya kule inazidi hii ya kwetu, na kama una koti la maana.

Jana jopo halikukaa. Amma alimpigia Anti Lizy akamwambia mtoto amepumzishwa. Meza bado ipo, ndiyo naandikia.

Nakuaga hapa nisije nikalowesha karatasi. Amma hakunituma salamu, lakini asubuhi nilimkuta ameweka chupa ya mafuta ya nazi juu ya hii meza, mpya, haijafunguliwa, wala hakusema ya nani. Nakutumia pamoja na barua hii. Mzee Wojcik nilimwahidi kumpelekea mkate wako siku moja, kwa hiyo ujue una deni kwa mtu usiyemjua.

Appa naye hakukusalimu. Ana maswali yake matatu tu. Nijibu upesi, safari hii uandike kwa anwani ya nyumbani, jina lako lote juu ya bahasha, maana yeye ndiye anayefungua sanduku la posta.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Neethu