Mama Amechemsha Bakteria Wangu

Jumanne, Kibirichia

Na sasa profesa nitamwambia nini?

Chupa zote za maji ya mto nilikuwa nimeziweka kwenye friji ya Mama. Zilikuwa na bakteria wadogo sana, wale ambao hata chujio letu la maabara haliwashiki. Leo nimetoka sokoni nikakuta sufuria inafuka jikoni.

"Kendi, nimekuchemshia yale maji yako," Mama akasema. "Si ulisema yana wadudu?"

"Mama, hao wadudu ndio kazi yangu!"

Akaweka mwiko chini. "Walikuwa wa aina gani?"

"Aina nyingi. Wengine hata majina hawajapewa."

Nilidhani atacheka. Badala yake akajifunga kitambaa kichwani, akasema si vizuri viumbe wa Mungu wafe bila majina na bila maombi pia. Tukainamisha vichwa juu ya sufuria. Aliomba kwa Kimeru, maombi marefu kama ya kumzika mzee wa kanisa.

Nilikuwa nawaza nitafukuzwa chuoni, lakini nikaitikia amina kwa sauti.

Kisha Mama akatia majani ya chai na maziwa, tukanywa.